Mraba wa Bwana Samahani

Ukitaka kumjua Bwana Samahani, usimtazame anapopima mashamba. Mtazame anapobisha hodi. Wenzake wa kitengo cha takwimu za kilimo wakifika kwa mkulima hupiga hodi moja, wakafungua tableti na kuanza kuuliza: shamba kubwa kiasi gani, mbegu gani, magunia mangapi. Yeye huanzia mbali. Hodi ya kwanza huipigia uani, ya pili karibu na mlango, na akikaribishwa husema, "Samahani, nimewaingilia." Akipewa maji, samahani. Akipewa kiti, samahani. Na mwenyeji akiomba radhi kwamba kiti chenyewe kina mguu mbovu, Bwana Samahani huomba samahani kwa niaba ya kiti. Jina hilo walimbandika wakulima wa bondeni, likafika ofisini kabla yake, na siku hizi hata mkewe akimkasirikia humwita hivyo hivyo.

Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mrefu, mgongo umepinda kidogo kwa kuinamia vigingi. Alilelewa na bibi yake mzaa mama, aliyekuwa akiuza maziwa nyumba kwa nyumba, na kila asubuhi mjukuu alimfuata nyuma na chupa. Huko ndiko alikojifunza kwamba kwenye nyumba ya mtu huanzi na biashara. Unaanza na mgonjwa wa humo, na ng'ombe wa humo, na mtoto anayeota meno. Chuo cha kilimo kilimfundisha mengine yote, lakini hilo hakikulifuta. Bondeni alijua nani kafiwa, nani anaozesha, na mbuzi wa nani kazaa pacha. Ofisi haikumlipa kwa kuyajua hayo, na tableti haikuwa na mahali pa kuyaandika.

Kazi yenyewe, ukiondoa salamu, ni rahisi kueleza. Hakuna awezaye kupima kila hindi nchini, kwa hiyo huchaguliwa mashamba machache, na ndani ya kila shamba mraba mdogo, mita tano kwa tano. Tableti ndiyo inayochagua mahali: simama kona ile, ingia ndani hatua kadhaa, geuka, hatua kadhaa tena, hapo hapo piga kigingi, hata kama pameangukia kichuguu. Vigingi vinne, kamba inazungushwa, na mkulima anaambiwa aendelee na kilimo chake kama kawaida, ila asivune ndani ya kamba mpaka mpimaji arudi. Mavuno yakifika, mpimaji anarudi, anavuna mraba, anapima, anatuma namba. Wakubwa huzichukua namba hizo wakajua wapi kuna chakula na wapi kuna upungufu, nani apewe mbegu za ruzuku na nani aambiwe ajitegemee.

Pesa ya mafuta ya pikipiki ilitosha safari mbili tu kwa msimu: ya kufunga kamba na ya kuvuna. Katikati hapo shamba na mpimaji hawakuonana. Aliyepanga bajeti hiyo nina hakika hajawahi kuotesha hata kitunguu kwenye kopo, lakini tumwache na bajeti yake.

Msimu mmoja ulipokwisha, mvua zikiwa zimekatika mapema kila mahali, mkuu wa kitengo alimwita Bwana Samahani chumbani kwake. Alikuwa mwanamke mdogo kwake kwa umri, mwepesi wa kuelewa na mzito wa kucheka. Wote walimwita Bosi, na wanasema hata mumewe humwita hivyo. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na ramani. Sehemu zote zilikuwa za manjano, rangi ya mavuno mabaya, isipokuwa bondeni, ambako palikuwa kijani kibichi kama kiraka cha kitambaa kingine.

"Kaka, kaa."

"Samahani, Bosi, nitasimama tu."

"Kaa. Hii nini?"

"Ni bondeni."

"Naona ni bondeni. Nauliza hii kijani. Ng'ambo ya mto, kwa Komeo, watu wamevuna nusu gunia pale walipozoea kuvuna matatu. Kwako wamevuna kana kwamba mvua ilikuwa na ndugu zake huko. Mto mmoja, udongo mmoja, mbingu moja. Nieleze."

Huyo Komeo alikuwa mpimaji mwenzake, na jina alipewa kwa sababu mdomo wake ulikuwa umefungwa toka ndani. Salamu hazikumtoka. Alifika, akapima, akaondoka, na mbwa wenyewe walichoka kumbwekea.

Bwana Samahani aliisogelea ramani. Maelezo hakuwa nayo. Mahindi yale aliyavuna kwa mikono yake na kuyapima kwa macho yake.

"Na shamba lililobaki, nje ya mraba, lilikuwaje?" Bosi akauliza.

"Lilikuwa limeshavunwa. Nikifika huwa limeshavunwa, Bosi. Mtu ana njaa, hawezi kunisubiri mimi. Wananiachia mraba tu umesimama."

"Kwa hiyo hakuna aliyeona kitu ila wewe."

"Nilipima mwenyewe."

"Ndiyo shida hiyo, kaka. Ulipima mwenyewe." Bosi aligeuza kiti. "Wakaguzi wa makao makuu wana neno lao. Wanasema umepika. Kwamba ulikaa nyumbani ukatunga namba. Mkataba wako unaisha mwisho wa msimu huu tulioanza, na wamesema bila maelezo hauendelei. Na wataandika sababu. Popote utakapoomba kazi, hiyo sababu itakutangulia."

Bwana Samahani akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Kuna jingine," Bosi akasema, sauti ikashuka. "Kwa namba zako, bondeni wameondolewa kwenye mbegu za ruzuku. Wakubwa wanasema wana ziada."

Hilo la mwisho ndilo lililomkata maini. Kufukuzwa kazi aliweza kuelewa. Hasira ya ofisi ina njia zake. Lakini watu wale, ambao majina ya mbuzi wao aliyajua, wanyimwe mbegu kwa namba alizotuma yeye? Alishika ukingo wa meza kama mtu aliyesimama ndani ya lori linalotembea.

"Mimi siamini kama umepika," Bosi akasema. "Lakini jedwali halina safu ya kuamini kwangu. Msimu huu umeshafunga kamba?"

"Nimefunga zote."

"Basi mahindi yakikua tutakwenda wawili, kabla ya mavuno. Mafuta nitayatafuta mimi. Na usimwambie mtu yeyote bondeni kwamba tunakuja. Hata kwa salamu."

Nyumbani mkewe alikuwa fundi cherehani, na sebule ndiyo iliyokuwa karakana: vipande vya kitambaa kila kiti, sketi za shule zikisubiri pindo. Aliposikia habari alicheka kwanza, mguu ukiendelea kukanyaga.

"Wewe? Upike takwimu? Wewe hata chai unaiunguza!"

Kisha akautazama uso wa mumewe na mguu ukasimama.

"Kwa kweli wanasema hivyo?"

"Wanasema hivyo."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema sijui. Huenda mizani ni mbovu."

Akakata shauri kuijaribu. Aliitundika mizani yake ya kazi kwenye fremu ya mlango, akaning'iniza pakiti ya sukari, kisha unga, kisha miche ya sabuni, kisha pasi nzito ya mkewe ambayo wote wawili waliujua uzito wake kwa kuwa uliandikwa tumboni mwake. Mizani ilikuwa sahihi mpaka inaudhi. Sukari ilikuwa sukari, na pasi ilikuwa pasi.

"Ulitaka iwe mbovu?" mkewe akamuuliza.

"Nilitaka sana."

Mkewe akaishusha mizani, akaifuta vumbi kwa kipande cha sketi, akairudisha kwenye mfuko wake wa turubai. Hakusema wataishije. Alisema tu, "Kazi mtu anapata nyingine. Lakini wakikuita mwongo, mimi nitakwenda hapo ofisini na mkasi wangu." Alikuwa anatania, kwa kiasi.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Mtu mkweli akiitwa mwongo na watu anaowaheshimu, huanza kujipekua mwenyewe. Bwana Samahani alirudia kichwani kila mraba, kila gunia, kila namba aliyobonyeza. Je, alisoma vibaya? Je, alikosea vigingi, mraba ukawa mkubwa? Alifunga kamba mle sebuleni kati ya cherehani na kabati, akaipima kwa tepu ya mkewe, ikatoka sawasawa. Mkewe alipita chini ya kamba hiyo kwenda jikoni bila kuuliza lolote, na huo nao ni upendo.

Siku ilipofika, Bosi aliendesha mwenyewe gari la ofisi. Njiani walipita nyumba ambayo mzee wa humo alikuwa amelazwa hospitalini, na Bwana Samahani akaomba washuke dakika moja tu.

"Leo hakuna hodi," Bosi akasema.

Nadhani hilo lilimuuma kuliko kuitwa mwongo. Alijikunyata kitini, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, asije akaonekana anapita bila kusalimia.

Shamba la kwanza kwenye orodha lilikuwa la mama mmoja mjane, watoto wake wameshahamia mbali. Bwana Samahani alimwita Shangazi, ingawa damu haikuwahusu, naye alimwita mwanangu. Hawakupita uani. Walizunguka kwa nyuma, wakaruka mfereji, wakaingia shambani kama wezi, Bosi mbele na tableti mkononi, akiufuata mshale wa ramani.

Mahindi ya Shangazi yalikuwa yamechoka. Yalikuwa ya manjano, membamba, yamefika kiunoni kwa kujikongoja, na magugu yamejaa katikati ya mistari. Bwana Samahani aliyatazama akaona uchungu, na wakati huo huo akaona giza: mahindi haya hayawezi kutoa kilo zile alizotuma. Basi kweli alikosea mahali. Basi kweli yeye ni mwongo, ila hajui alidanganya saa ngapi.

Ndipo Bosi akasimama ghafla, naye akamgonga mgongoni.

Mbele yao ilikuwepo kamba. Nje ya kamba, manjano yale yale. Ndani ya kamba, msitu. Mahindi yenye rangi nzito ya kijani, marefu kupita kichwa cha mtu, mabua manene kama mikono, chini hakuna hata unyasi. Udongo ulikuwa mweusi kwa samadi, umeinuliwa vizuri kila shina. Katikati ilisimama sanamu ya kufukuzia ndege, imevaa koti la mwanamume, vifungo vyote vimefungwa. Mpaka kati ya huku na huku ulikuwa umenyooka kama umekatwa kwa kisu, na uliifuata kamba ya Bwana Samahani pande zote nne.

Bosi aligeuka taratibu. "Kaka," akasema, "unamlipa nani?"

"Haki ya Mungu, Bosi, ndiyo kwanza nauona."

 Hata yeye asingejiamini. Kabla hajaongeza neno, wakasikia maji yanachapachapa, na Shangazi akatokea kati ya mistari na ndoo ya maji aliyooshea vyombo, anakuja moja kwa moja kwenye mraba. Alipowaona, kwanza alifurahi, kisha akafadhaika.

"Mwanangu! Mbona hukupiga hodi? Na umekuja na wakubwa wako! Ungenipa hata habari nikapige palizi ya mwisho, tazama hapo kona kuna jani."

"Shangazi," Bwana Samahani akasema, "hii nini?"

"Si kipande chako?"

"Changu?"

"Cha nani tena? Kamba yako, vigingi vyako." Shangazi aliweka ndoo chini na kumgeukia Bosi kwa heshima zote. "Mama, karibu. Nakuomba usimkate mshahara huyu. Kipande chake tunakitunza vizuri, utaona mwenyewe. Msimu ule wa kwanza tulikuwa hatujui. Akaja akavuna vihindi vidogo, akavipima, uso ukamshuka, akasema pole, pole. Sisi tukajua huyu kule anakokwenda watamfokea. Mtu anaulizia ng'ombe wangu kabla hajaulizia mahindi, nimwache akaaibike? Tukakubaliana palepale kisimani. Samadi ya kuku yote inaingia humu. Majivu humu. Watoto hawakanyagi."

"Mlikubaliana," Bosi akarudia. "Nani na nani?"

"Wote wa bondeni. Isipokuwa yule jirani mlevi, na yeye cha kwake tunampalilia sisi."

Bosi alibana midomo. Akaitazama sanamu na koti lake. "Na ng'ambo ya mto, kwa yule mpimaji mwingine?"

"Yule asiyesalimia? Kamba yake nasikia wanaanikia nguo."

Hapo ndipo mwanamke yule mzito wa kucheka alipocheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya tuta, tableti imeangukia mapajani, machozi yanamtoka. "Kaka," alisema alipopata pumzi, "takwimu nzuri kuliko zote za kitengo changu zimetoka kwa mtu asiyependwa na mtu!"

Bwana Samahani hakucheka mara moja. Alikuwa anasikiliza kitu ndani ya kifua chake kinachofunguka polepole, kama mkanda uliobanwa tundu moja kupita kiasi. Hakupika. Hakukosea mizani wala kamba. Namba zote zilikuwa za kweli, za kweli kabisa, za mraba uliolelewa kama mtoto wa pekee. Akaanza kucheka naye, na Shangazi akacheka kwa kuwa wageni wanacheka.

Bosi ndiye aliyeacha kwanza. Alijifuta macho, akamwomba Shangazi akae karibu naye, akamweleza bila kuzungusha: kwamba kipande kile si cha mpimaji. Kinapimwa ili ijulikane shamba lote limetoa nini, na mashamba yote ya bondeni. Kwamba kilo zile nzuri zilifika kwa wakubwa, na wakubwa wakasema bondeni wana chakula cha kutosha, mbegu za ruzuku zipelekwe kwingine.

Shangazi aliinuka. Akalitazama shamba lake la manjano, akautazama mraba.

"Kwa hiyo samadi yangu ndiyo iliyoninyima mbegu."

Bosi alikung'uta vumbi kwenye tableti.

"Mngesema!" akasema, na sasa alikuwa amekasirika kweli. "Misimu yote hii! Mngetuambia kwamba huu mraba ni sisi, sio yeye. Mwanangu, unaniuliza mbuzi wangu kazaa wangapi, hili hukuweza kunieleza?"

Na kweli hakuwahi kulieleza. Aliona ni utovu wa adabu kuwachosha wenyeji na mambo ya ofisini. Aliwaambia wasivune ndani ya kamba, akashukuru, akaondoka. Safari hii aliomba samahani moja tu, na ilikuwa na uzito wake.

Walizunguka mashamba mengine siku hiyo na kukuta hivyo hivyo: misitu midogo yenye kona nne, imezungukwa na umaskini. Kwa yule jirani mlevi mraba ulikuwa mzuri kuliko yote, maana ulipaliliwa na kijiji kizima. Bosi alipiga picha hadi simu ikaishiwa chaji.

Ungedhani mambo yaliishia hapo, lakini wakaguzi ni wakaguzi. Walisema hadithi ni tamu na picha ni nzuri, ila mkulima anaweza kufundishwa la kusema, na samadi inaweza kumwagwa juzi. Walitaka uthibitisho wakati wa mavuno. Kwenye kila shamba ivunwe miraba miwili: ule wa zamani, na mwingine mpya ambao tableti itauchagua siku hiyo hiyo, palepale, ili asiwepo aliyeutunza. Kama mraba mpya utatoa kilo ndogo kama za ng'ambo ya mto, Bwana Samahani ni msafi, namba za bondeni zitasahihishwa, na watu watarudishwa kwenye mbegu. Kama utatoa karibu na ule wa zamani, basi, kila mtu ajue lake.

Bwana Samahani alipita nyumba zote za bondeni, na kila mlango alisema jambo lile lile. "Samahani, nawaomba sana, safari hii msinisaidie. Shamba msilivune kwanza, na msinisaidie." Watu waliitikia kwa huruma, kama wanavyomwitikia mgonjwa anayekataa dawa.

Siku ya mavuno walianzia kwa Shangazi. Bosi alikuwepo na mizani mpya iliyofungwa kwa lakiri, ameitundika kwenye mti wa uzio. Walivuna mraba wa zamani kwanza. Mahindi yalikuwa makubwa, yamejaa punje hadi nchani, na gunia lilipopandishwa, mshale uliruka. Bosi akaandika, akapiga picha, akaanza kulifunga gunia hilo na kulibandika namba, mgongo ameupa shamba.

Tableti ikachagua mraba mpya, upande wa juu, mahali pasipo na jambo lolote. Bwana Samahani akapiga vigingi, akafunga kamba, akaanza kuvunja mahindi. Yalikuwa mepesi mkononi, mengine nusu yake ni gunzi tupu. Shangazi alimfuata nyuma akipokea na kutia kwenye gunia, kwa kuwa hakuna awezaye kumzuia mwenye shamba kushika mahindi yake.

Bwana Samahani alipogeuka kumpa hindi jingine, aliuona mkono wa Shangazi. Hindi moja liliingia kwenye gunia. La pili likaingia kwenye mkunjo wa gauni lake. Akadhani ameona vibaya. Akaendelea, akageuka tena, na gauni lilikuwa limevimba.

Akaelewa mara moja. Gunia likiwa jepesi, yeye atakuwa safi. Shangazi alikuwa anamsaidia.

Nisiseme uongo kwa ajili yake: alisimama pale akapiga hesabu. Bosi alikuwa kule kwenye uzio, hatazami. Hakuna mwingine shambani. Mahindi machache yakibaki ndani ya gauni, hakuna mkaguzi atakayeuliza tena, na mke wake ataacha kuutazama ule uso wake kila jioni. Yakirudi, na mizani ikakataa, hatakuwa na kazi wala jina. Na kilichomtisha ni kwamba hakujua mahindi haya mabaya yana uzito gani. Mtu hawezi kupima kwa macho, hata akipima maisha yake yote.

"Shangazi," akanong'ona, "rudisha."

"Nini?"

"Yaliyo kwenye gauni."

"Machache tu, mwanangu. Ili wakubwa wako waone vizuri."

"Nikiyaacha humo nitakuwa nimepika kweli." Alimfungulia mdomo wa gunia. "Usijipunguze, Shangazi. Upungufu uliopo unatosha."

Shangazi alimtazama kwa muda, amekunja uso kama mtu aliyerudishiwa zawadi. Kisha akaanza kuyatoa, hindi moja moja, kila moja na guno lake, mpaka gauni likalala. Bwana Samahani akavunja hindi la mwisho la mraba, akalitia gunia, akalibeba mwenyewe hadi kwenye mti. 

Bosi akatundika gunia. Mshale ulipanda kidogo, ukasita, ukasimama. Akausoma, akainama, akausoma tena kwa karibu. Haukufika hata robo ya ule wa kwanza.

"Komeo alipata hivi hivi," akasema. Kisha akashusha pumzi ndefu, na ndipo Bwana Samahani alipojua kwamba Bosi naye, siku zote zile, alikuwa na hofu yake. "Kaka, umetoka. Mashamba yaliyobaki ni ya kukamilisha tu. Na bondeni wanarudi kwenye mbegu, nitaipeleka mimi mwenyewe hiyo taarifa, nikae mlangoni mpaka waisaini."

Bwana Samahani alikaa chini, palepale kwenye vumbi, mgongo ameegemeza mtini, miguu imenyooshwa mbele. Machozi yalimtoka na hakuyazuia. Alikuwa anacheka pia, na alikuwa na kiu, na alitaka kumpigia mkewe lakini vidole havikutii. Hakuwahi kufikiri kwamba gunia jepesi kiasi kile linaweza kumtua mtu mzigo mzito kiasi hiki.

Shangazi alisimama mbele yake akikung'uta mikono. Alilitazama gunia lake dogo, la aibu, la kweli, akamtazama mwanamume mzima aliyekaa chini analia kwa raha.

"Mwanangu," akasema, "kukusaidia wewe ni kazi kweli kweli."